Coq au vin na ndugu zake: tatizo la sufuria yako liko wapi?

Coq au vin ni chakula cha mashambani cha Ufaransa, na Bourgogne ndiyo inayohesabiwa nyumbani kwake: jogoo aliyekatwa vipande, akapikwa polepole ndani ya mvinyo mwekundu pamoja na bekoni, vitunguu vidogo na uyoga, mpaka mchuzi ukawa mzito na mweusi. Mikoa mingine ina ya kwake. Alsace wanapika kwa mvinyo mweupe wa Riesling na krimu. Jura wanatumia vin jaune, mvinyo wa manjano, na uyoga wa morille. Kaskazini, kuelekea mpaka wa Ubelgiji, sufuria inapokea bia. Normandy wana kuku wao wa sida, kinywaji kilevi cha tufaha.

Matatizo ya vyakula hivi yanafanana sana, na wapishi wengi huyatafuta kwenye mchuzi. Mimi naanza kwingine kabisa. Kabla hujaulaumu mvinyo, jiulize: kuku huyu alikuwa na umri gani? Mapishi haya yalitungwa kwa ajili ya jogoo aliyekwisha kufanya kazi yake uani, mwaka mmoja au zaidi, mwenye mapaja magumu na mifupa iliyokomaa. Kuku wa kisasa wa dukani amechinjwa akiwa na wiki tano au sita. Ukimpika mmoja kwa maelekezo ya mwingine, hakuna kiungo kitakachokuokoa.

Nyama imekauka na kuchambuka nyuzinyuzi

Hapa karibu kila mara ni kuku wa kisasa aliyepikwa kwa saa za jogoo. Nyama yake ni changa, haina tishu ngumu za kulainishwa, kwa hiyo kila dakika ya ziada inamnyang'anya maji tu. Kidari ndicho kinachoumia kwanza: kikizidi nyuzijoto 75 na kukaa hapo, kinakauka hata kikiwa kimezama kwenye mchuzi. Watu hushangaa nyama inakaukaje ndani ya maji. Nyuzi za nyama zikipata joto hujikaza na kukamua unyevu wake, na mchuzi ulio nje hauwezi kuurudisha.

Dawa ni kugawa kazi. Kama una kuku wa kisasa, nunua mapaja peke yake, uyape dakika 40 hadi 45 kwenye moto mdogo. Ukitaka na kidari, kiache kwenye mfupa, kitoe baada ya dakika 20 hivi mara tu kinapoiva, kifunike pembeni, ukirudishe mwishoni kupata joto.

Lakini dakika 40 hazitoshi kuuivisha mvinyo, na hapo ndipo tatizo la pili linapozaliwa: nyama nzuri, mchuzi mbichi. Basi pika mchuzi kabla ya kuku. Chukua shingo, mgongo na miguu ya kuku, ikaange mpaka ishike rangi, weka karoti na kitunguu, mimina chupa nzima ya mvinyo, uache uchemke hadi ubaki nusu. Kisha ongeza nusu lita ya supu isiyo na chumvi na uiache itokote saa nzima. Miguu ya kuku, ambayo kwetu inauzwa kwa bei ndogo, ina kolajeni nyingi, nayo ndiyo inayoupa mchuzi ule unene unaonata midomoni. Chuja, halafu sasa ndipo mapaja yaingie.

Hata Ufaransa kuku hawalingani. Wale wa nembo ya Label Rouge hufugwa siku 81 au zaidi kabla ya kuchinjwa, na wa Bresse, ambao jina lao linalindwa kisheria tangu 1957, hupita siku 100. Hawa wanavumilia jiko kuliko wa kawaida, kwa hiyo waongezee nusu saa. Mpe kila mmoja muda wa umri wake.

Nyama bado ngumu baada ya saa mbili

Huyu sasa ni jogoo wa kweli, na mpishi wa Dar es Salaam au Kisumu aliyemnunua jogoo wa kienyeji sokoni yuko karibu na sufuria ya kale ya Bourgogne kuliko mpishi wa Paris anayetegemea kuku wa dukani. Ni bahati, ila inadai subira.

Ugumu wa jogoo uko kwenye kolajeni ya viungo na mapaja. Inageuka jelatini laini ikikaa muda mrefu kwenye joto la nyuzi 80 hadi 90. Si suala la moto mkali: mchemko wa fujo unaikaza nyama kabla kolajeni haijalegea. Unataka mchuzi uliotulia, kiputo kimoja hapa na kingine pale. Saa mbili na nusu ni kawaida, saa nne si ajabu. Choma uma kwenye kiungo cha paja. Ukiingia na kutoka bila kuvutana, ameiva. Ukivutana, funika uendelee. Wengi huzima jiko wakidhani wameharibu, wakati walikuwa wamebakisha dakika 40 tu.

Sababu nyingine haitajwi sana kwenye vitabu vya Ulaya, kwa sababu huko kuku hununuliwa akiwa amepumzishwa tayari: jogoo aliyechinjwa asubuhi na kuingia sufuriani kabla ya adhuhuri. Baada ya kuchinjwa misuli hukakamaa kwa saa kadhaa. Mkate vipande, mweke kwenye friji usiku mzima, ndipo umpike. Usiku huo huo anaweza kuwa ndani ya mvinyo, lakini usitegemee mvinyo umlainishe. Unaingia milimita chache tu za nje. Kazi yake ni ladha na rangi.

Jiko la presha linasaidia, dakika 40 hivi kwa jogoo mkomavu. Kumbuka tu kwamba ndani yake maji hayakauki, hivyo mchuzi utatoka mwepesi na mchachu. Utoe nyama, kisha uuchemshe bila kifuniko.

Mchuzi una rangi ya zambarau, au umekuwa wa kijivu

Rangi ya mvinyo mwekundu hutoka kwenye maganda ya zabibu, nayo hubadilika kulingana na uchachu: penye asidi nyingi ni nyekundu, asidi ikipungua inaelekea zambarau na buluu. Ukichanganya na unga mweupe unapata rangi ambayo haimvutii mtu. Coq au vin iliyopikwa sawasawa ni ya kahawia iliyokolea, na kahawia hiyo haitoki kwenye chupa. Inatoka kwenye kukaanga.

Anza kuangalia kuku. Je, alikauka kabla ya kuingia kwenye mafuta? Kuku aliyetolewa kwenye mvinyo akiwa amelowa hatakaangika, atachemka kwa mvuke wake, na ngozi itabaki ya zambarau na utelezi. Mfute kila kipande kwa kitambaa safi. Kaanga vipande vichache kwa zamu, usivirundike. Kisha kaanga vitunguu na karoti hadi viwe vya dhahabu, na kijiko kimoja cha nyanya ya kopo mpaka ibadilike kutoka nyekundu kuwa rangi ya matofali. Unga nao uive kwenye mafuta mpaka unukie kama njugu. Ndipo mvinyo uingie, nawe ukwangue ukoko wa chini kwa mwiko. Ukoko ule ndio nusu ya rangi na nusu ya ladha.

Sasa itazame sufuria yenyewe. Sufuria nyingi za majumbani kwetu ni alumini tupu, na mvinyo ni tindikali inayokula alumini taratibu. Madini yanayoyeyuka humo huchafua rangi na kuacha ladha ya chuma kwenye ulimi. Usiache kuku alale kwenye mvinyo ndani ya alumini, wala usipike humo kwa saa tatu. Tumia chuma cha pua, au chuma kizito chenye enameli kama wanavyofanya Wafaransa. Chungu cha udongo kisichopakwa rangi ya kung'aa kinafaa sana. Kinashika joto dogo na kulitunza.

Kama mchuzi umeshakuwa wa zambarau na wageni wako mlangoni, chemsha upungue zaidi na weka nusu kijiko cha chai cha kakao isiyo na sukari. Wapo wapishi wa Ufaransa wanaofanya hivyo makusudi. Wazee wa Bourgogne waliupata weusi ule kwa damu ya jogoo mwenyewe, iliyochanganywa na siki kidogo ili isigande, ikamiminwa mwishoni kabisa mbali na mchemko.

Ladha inauma: ni uchachu, ukakasi au uchungu?

Vitu hivi vitatu huchanganywa na kila kimoja kina chanzo chake, kwa hiyo onja polepole kabla ya kuongeza chochote.

Uchachu unaotoa mate pembeni mwa ulimi maana yake mvinyo haukuchemka vya kutosha. Uache uendelee, na siagi kidogo mwishoni italainisha. Sukari ibanwe: nusu kijiko cha chai, uonje tena. Njia salama kuliko zote ni kuuchemsha mvinyo kabla hata ya kulowekea kuku, uuache upoe kabisa, ndipo uutumie.

Ukakasi, ile hali ya mdomo kukauka kama umekula ndizi mbichi, ni tanini. Mvinyo mzito na mchanga, wa Cabernet kwa mfano, ukipunguzwa hadi robo unabaki na tanini yote ndani ya kiasi kidogo. Bourgogne hutumia Pinot Noir, na Beaujolais jirani wanatumia Gamay, zote zenye tanini kidogo. Pinotage nyepesi au Cinsaut ya Afrika Kusini, zinazopatikana katika maduka makubwa ya Afrika Mashariki, zinafanya kazi hiyo vizuri. Mvinyo wa Dodoma nao unafaa, mradi usome chupa: chagua ulioandikwa mkavu. Ule mtamu, ukipungua, utakupa sharubati yenye kuku. Ukakasi ukishatokea, ongeza supu yenye jelatini na siagi. Protini na mafuta hushikana na tanini na kuipunguza makali.

Uchungu ni kuungua. Kitunguu saumu kilichokuwa cheusi, ukoko ulioungua badala ya kukauka, unga uliopita kahawia. Huu hauna dawa. Mimina mchuzi mahali pengine bila kukwangua, utupe ulichokwangua, uanze msingi upya. Ni bora kupoteza kitunguu kimoja kuliko chupa nzima.

Mchuzi mwepesi, au wenye madonge

Usimwage unga mkavu ndani ya mchuzi unaochemka. Ponda siagi laini na unga kwa uzito sawa, gramu 25 na 25 kwa kila nusu lita, udondoshe vipande vidogo huku ukikoroga, kisha uuache utokote dakika tano ili ladha ya unga iishe. Yakiwepo madonge, chuja. Usipoteze muda kuyapigapiga.

Coq au Riesling: krimu imekatika

Vipande vyeupe vinaelea kwenye maji ya kijani-njano. Riesling ni mvinyo wenye asidi kali kuliko wenzake wengi, na krimu yenye mafuta machache haiwezi kuivumilia ikichemka. Maziwa ya kawaida ndiyo kabisa. Tumia krimu yenye mafuta asilimia 30 au zaidi. Punguza mvinyo na supu kwanza hadi vishikamane, shusha moto, pasha krimu pembeni, kisha ichanganye kidogo kidogo. Wapishi wa Alsace wengine humalizia kwa kiini cha yai kilichokorogwa na krimu. Hapo mchuzi usichemke tena hata mara moja, maana yai huganda kwenye nyuzi 80 hivi.

Ikikatika, toa kuku, weka kijiko cha krimu mpya baridi kwenye bakuli, piga mchuzi moto ndani yake taratibu au upitishe kwenye blenda. Mara nyingi unarudi.

Chakula hiki hakitaki kahawia. Kuku akaangwe kidogo tu, abaki wa dhahabu hafifu. Ukimkaanga kama wa Bourgogne, krimu itakuwa rangi ya tope.

Coq au vin jaune: nimenunua mvinyo wa gharama na siusikii

Vin jaune hutengenezwa kwa zabibu ya Savagnin, hukaa zaidi ya miaka sita pipani bila pipa kujazwa tena, na huuzwa katika chupa yake fupi ya sentilita 62. Harufu yake ya jozi na viungo inapeperuka. Ukiuchemsha saa mbili, umeifukuza yote. Pikia mvinyo mweupe wa kawaida, mkavu, halafu mimina vin jaune, sentilita 10 hivi, dakika chache kabla ya kupakua. Sherry, mvinyo wa Hispania, ikiwa kavu aina ya fino, ni mbadala wa karibu kwa bei ndogo.

Mchanga unaosagika menoni ni wa morille. Loweka zilizokaushwa kwenye maji ya uvuguvugu nusu saa, zitikise, zitoe kwa mkono, na maji yake uyachuje kwa kitambaa kabla ya kuyatia sufuriani. Morille haziliwi mbichi kamwe, zina sumu. Zipe dakika 20 za kutokota.

Coq à la bière: chungu mno

Uchungu wa bia unatokana na hopsi, maua yanayotiwa wakati wa kuitengeneza, na hauruki na mvuke. Kila unavyoipunguza bia ndivyo unavyoukusanya. Kwa hiyo kanuni ya mvinyo inageuzwa: usipunguze, tumia bia nyeusi yenye utamu wa kimea, unene uutafute kwingine. Kaskazini mwa Ufaransa hupaka haradali kwenye kipande cha mkate mtamu wa viungo na kukiacha kiyeyuke juu ya sufuria. Mkate mkavu wa kawaida na kijiko cha sukari guru hufanya kazi hiyo hiyo.

Chumvi imezidi

Bekoni ina chumvi, supu ya vidonge ina chumvi, kisha mchuzi wote ukapungua nusu. Bekoni ianzie kwenye maji baridi, ichemke dakika mbili, imwagwe maji. Chumvi yako iwe ya mwisho kabisa. Kiazi mbichi hakinyonyi chumvi peke yake. Kinanyonya mchuzi wenye chumvi, na kilichobaki ni kikali vile vile. Njia ni moja: supu isiyo na chumvi, kisha siagi na unga upya.

Uyoga umelegea, vitunguu vimeyeyuka

Vimepikwa pamoja na kuku, na havikupaswa. Uyoga ukaangwe peke yake kwenye moto mkali, chumvi mwishoni. Vitunguu vidogo viive pembeni kwa siagi, maji kidogo na chembe ya sukari hadi maji yakauke na ving'ae. Vyote viingie dakika kumi za mwisho.

Mafuta yakielea juu, weka chakula kwenye friji usiku kucha. Yataganda uyatoe kwa kijiko. Chakula hiki kinapendeza zaidi siku ya pili. Kigawe kwenye vyombo vipana kipoe haraka, kiingie frijini ndani ya saa mbili, na kesho kichemke kweli kabla ya kuliwa.

Nampikia mtu asiyetumia pombe

Hapa nataka kusema wazi, kwa sababu wageni huambiwa "pombe imeruka yote" na si kweli. Kwa vipimo vinavyotumiwa na idara ya kilimo ya Marekani, chakula kilichotokota nusu saa bado kina asilimia 35 hivi ya pombe iliyotiwa, saa moja asilimia 25, saa mbili asilimia 10, saa mbili na nusu asilimia 5. Kuwasha brandi moto, kule kunakopendeza macho, huacha karibu robo tatu yake. Mtu anayejizuia kwa dini, kwa dawa anazotumia au kwa afya yake ana haki ya kujua hivyo kabla hajaketi mezani. Hata mvinyo ulioondolewa pombe huweza kubaki na asilimia 0.5.

Basi mpikie chakula kingine kilichosimama kwa miguu yake. Bekoni ibadilishwe kwa nyama ya ng'ombe ya moshi, au uiache kabisa na ukaange kwa siagi. Mchuzi ujengwe kwa nusu lita ya supu ya miguu ya kuku, mililita 100 za chai ya rangi iliyokolea, kwa ajili ya ile tanini, na mililita 300 za juisi ya zabibu nyekundu isiyoongezwa sukari. Uchachu upate kwa maji ya ukwaju au ya komamanga.

Tatizo lake la kawaida ni utamu, nalo linatokea pale juisi inapopunguzwa kama mvinyo. Juisi haipunguzwi. Punguza supu na chai, kuku aive humo, na juisi iingie dakika 20 za mwisho pamoja na ukwaju. Ukionja ukakuta bado ni tamu, ongeza ukwaju kijiko kimoja kimoja na pilipili manga ya kusagwa papo hapo, usiongeze chumvi.